Lipiko Lina Mama

Mimi ni mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi. Hilo ndilo baba analowatangazia watu kanisani. Asilolitangaza, kwa sababu alikuwa halijui, ni kwamba kila Jumanne na Alhamisi jioni, saa ambazo mwanawe "yuko masomoni", mwanawe yuko uwanjani Mbagala, kafunga njuga miguuni, anacheza mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde.

Nilishawahi kujaribu kulisema. Nikaanzia mbali: ngoma siku hizi inasomewa, hata Bagamoyo pana chuo cha serikali tangu 1981. Baba akaweka kikombe chini. "Basi iambie hiyo serikali ikulipie mahari." Mama alikuwa anatarizi, hata macho hakuinua. "Na watu wasikuone," akasema.

Nikalishika hilo la mama. Wasinione.

Maana kama unataka kucheza usionekane, hakuna ngoma kama mapiko. Kichwa chote kinaingia kwenye kinyago cha mti mwepesi, unachungulia kupitia tundu la mdomo, na mwili unafungwa nguo toka shingoni mpaka vifundoni. Kwetu Newala lipiko, huyo aliyevaa kinyago, si mtu, ni mzimu. Wanawake, na watoto ambao hawajapita jando, hawatakiwi kujua nani yumo ndani, na lenyewe halisemi neno. Kwa mtoto wa mzee wa kanisa, pale ni mahali pa kujificha pazuri kuliko chini ya kitanda.

Jumamosi hiyo tulialikwa harusini Chamazi. Mchana mtunza mavazi wetu akapiga simu: nguo za kiunoni kazifua, mvua imezikuta kwenye kamba, kila mtu ajitafutie. Nikafungua kabati la mama. Juu kabisa vilikuwepo vile vitambaa vya makochi vinavyotoka Krismasi tu, vyeupe, vina maua mekundu. Nikachomoa kile kirefu, cha kochi la watu watatu.

Njuga nikazitia kwenye begi la kompyuta. Kila daladala ikiingia shimo, begi linalia, na barabara ile mashimo hayana uchoyo. Konda akainama kuchungulia chini ya viti. "Nani kapanda na mbuzi? Mbuzi analipa!" Nikalipa nauli mbili, yangu na ya mbuzi. Kuliko kufungua begi.

Ngoma zikaanza, nikatoka. Ukiwa ndani ya kinyago dunia unaiona vipande vipande: sahani ya pilau, mtoto anakimbia analia, kitenge, mguu wa kiti. Halafu nikaona viatu vyeusi vinavyong'aa, cha kulia kina kamba ya kahawia. Ile kamba niliifunga mimi. Vile viatu navipiga kiwi mimi, kila Jumamosi.

Kumbe baba wa bibi harusi anaimba besi na mzee wangu kwaya moja.

Miguu ikataka kuondoka peke yake. Lakini nikawaza, anachokiona ni mzimu, si mhasibu. Nikatikisa bega. Viatu vikaanza kupiga mdundo chini. Baba! Nikapandwa na kichaa, nikacheza kama mtu asiye na ada ya kurudisha.

Vigelegele vikaja, akina mama wakaja kutunza, na mama yangu katikati yao na noti ya elfu mbili. Akainama anichomeke kiunoni. Mkono ukasimama. Nikauona ule mkono kwa tundu la mdomo: kidole gumba kinasugua pindo la kitambaa, taratibu, kama yuko dukani anapima jora. Kikatambaa mpaka kwenye kona. Kwenye kona mama huwa anatarizi maneno KARIBU WAGENI. Yaani muda wote ule makalio yangu yalikuwa yanakaribisha wageni.

Noti akairudisha kwenye pochi. Kisha akavuta.

Nikashikilia. Akavuta tena. Wapigaji wakadhani ni sehemu ya mchezo, wakaongeza kasi, na mimi nikawa nazunguka kama pia, kitambaa kinafunguka, mpaka ikabaki kaptura ya mazoezi yenye kiraka. Hapo uvumilivu ukaniishia.

"Mama, acha!"

Sauti ndani ya kinyago inatoka kama mtu yumo ndani ya pipa. Ngoma zikakatika. Pakawa kimya, kisha yule mtoto aliyekuwa analia akapasua kwa kicheko. "Lipiko lina mama!"

Baba akainuka. Viatu vikaja, kimoja, kingine. Nikajiandaa: ada, uhuni, mahari, ukoo mzima. Akasogeza mdomo wake mpaka kwenye mdomo wa kinyago, akanong'ona kwa hasira ambayo sijawahi kuisikia hata siku nilipofeli hesabu kidato cha pili.

"Lipiko haliongei."

"Baba, mimi..."

"Unaongea tena!"

Tulirudi na bajaji. Mama amekipakata kitambaa, anakikagua uzi kwa uzi. Baba anatazama nje. Mimi nimebanwa katikati, begi mapajani, na kila shimo njuga zinalia. Dereva akavumilia mpaka Mbande, akashindwa, akageuka.

"Mzee, mmebeba mbuzi?"

"Ndiyo," baba akasema. "Endesha."