Bado Tu?

Hakuna swali linaloudhi kama "Bado tu?", hasa likitoka kinywani mwa mtu msafi. Muulizaji amesimama wima, mikono ipo mgongoni, shati limenyooka. Muulizwaji amelala chali juu ya kipande cha boksi, vumbi la kutu likimwingia machoni, ameshika spana isiyo na nafasi ya kugeuka hata robo ya mzunguko. Asubuhi hii jirani yangu ameniuliza tena, nami, kwa kulinda heshima yangu, nikamjibu kwa sauti ya mtu aliye ofisini kwake kwamba kazi inakwenda vizuri.

Wenzangu mliowahi kufungua miguu ya mbele ya gari mnaijua kazi inayokwenda vizuri. Gari linagonga kila likishuka tuta, kila mjuzi anasema ni stabilaiza linki tu, na ukifungua unakuta bushi, yaani mipira ya maungio, za mkono wa chini, kile chuma kinacholishika gurudumu kwa chini, zimepasuka, boljointi, kiungo cha mwisho wa mkono huo, inacheza, na shokapu imevuja mafuta mpaka imekauka. Muuza spea naye aliuliza mwaka wa gari, namba ya chesisi na aina ya injini, akaandika yote kwa utulivu, kisha akanifungashia mikono miwili mipya, yote ya kushoto. Springi sikufanya nayo mzaha: nati ya juu ya shokapu haiguswi kabla springi haijabanwa sawasawa kwa vibanio viwili vinavyokabiliana, kwa kuwa ikifyatuka haibishi hodi.

Hayo yote nayasamehe. Nisichoweza kukisamehe ni bolti ya mkono wa chini. Bolti hiyo hupita ndani ya bushi, na ndani ya bushi kuna bomba fupi la chuma lililoshikamana na mpira. Nati ilitoka kwa upole ulionitia shaka. Nilipoigeuza bolti ilizunguka, nikafurahi. Nilipoachia spana ikarudi yenyewe palepale ilipokuwa, kwa sababu kutu ilikwisha kuifungisha ndoa na lile bomba, na nilichokuwa nikizungusha ni mpira unaojipinda.

"Inazunguka!" jirani akashangilia.

"Inazunguka, jirani, lakini haitoki."

"Kitu kikizunguka kitatoka tu. Igonge."

"Nikiigonga ncha itavimba, halafu haitapita kwenye tundu."

"Basi rudishia nati, ugonge juu ya nati."

Ushauri huo ulikuwa sahihi, na hakuna kinachouma kama mtu msafi kusema kweli. Nikarudishia nati mpaka ikawa sawa na ncha, nikagonga. Bolti ikalia kama kawaida ya chuma, haikusogea. Nikanyunyiza mafuta ya kulainisha kutu, tukasubiri, naye jirani akautumia muda huo kunisimulia jinsi shemeji yake alivyoimaliza kazi hiihii kabla ya saa sita mchana. Kisha akapendekeza moto. Moto ukawashwa, mpira wa bushi ukaanza kufuka moshi mweusi uliomrudisha nyuma hatua kadhaa, ingawa mdomo wake ulibaki palepale. "Sasa naona inalegea," akasema kwa mbali. Haikulegea. Nikachukua msumeno wa chuma, nikaupenyeza kwenye mwanya mwembamba ulio kati ya bushi na kishikio chake, nikakata upande mmoja, kisha wa pili, hadi mkono ukashuka ghafla na kutua kando ya sikio langu.

"Si nilikwambia itatoka?" akasema jirani, akaenda zake.

Kitabu cha ufundi cha gari hili kinalieleza tukio hilo lote kwa maneno mawili: "Toa bolti." Kisha kinaongeza kwamba kufunga ni kinyume cha kufungua. Kinyume cha msumeno ni kipi, jamani? Tena si kweli hata kidogo, maana bolti za bushi hizo za mpira hukazwa mwisho, gari likiwa limesimama kwa uzito wake juu ya matairi. Ukizikaza gari likiwa limening'inia, mpira hukaa umejipinda muda wote na kupasuka mapema. Yaani spana ifike mahali ambapo, gari likishashushwa, hata paka hapiti!

Simlaumu Earle S. MacPherson, mhandisi Mmarekani aliyeunganisha shokapu na springi kuwa nguzo moja katika miaka ya 1940. Kazi yake hufunguka kwa heshima. Ninaowalaumu ni waliokuja baadaye, wakachomeka bolti ya mkono kabla injini haijakaa mahali pake, kisha wakaiweka gia boksi katika njia yake, hivi kwamba katika baadhi ya magari haichomoki mpaka injini iinuliwe au ishushwe kidogo. Ndio haohao waliotuletea magari ambayo, ili ubadilishe balbu ya taa ya mbele, ni lazima ufungue bampa zima. Chujio la hewa ya ndani nalo wamelificha nyuma ya kasha la dashibodi, na kifuniko chake wamekishikiza kwa vibanio vya plastiki vinavyovunjika ukivitazama tu. Cha kwangu nimekifunga kwa selotepu, na kinapiga kelele kila nikiwasha feni.