Makali ya Kifungua Kopo

Kisu changu cha kukunja ni Victorinox ya Uswisi, na kwa kuwa makopo mengi ya siku hizi yana kishikio cha kuvutia kifuniko, niliona kifungua kopo chake hakina kazi tena, hivyo kinastahili kupandishwa cheo kiwe kisu kidogo cha pili. Nilikisaga kwa grainda huku nikikichovya majini kila kilipopata joto, maana chuma kikishageuka buluu ugumu wake umekwenda. Kisha nikamalizia kwa jiwe la kunolea hadi kikameremeta.

Likabaki swali la kudumu kwa makali. Hapa Tanga kamba ya katani si bidhaa adimu, na nyuzi zake hula makali upesi, basi nikaikata kipande baada ya kipande, mara kwa ubapa mkubwa, mara kwa kifungua kopo, na kila duru nikapima makali kwa kunyoa malaika ya mkono wangu. Ubapa uliendelea kunyoa wakati mwenzake anakwaruza tu, jambo lisilo la ajabu, kwani kiwandani bapa hukazwa hadi ugumu wa 56 kwa kipimo cha Rockwell, na vifungua kopo huishia 52.

Majaribio yalipokolea, mkono wa kushoto ulikuwa na viwanja vya mviringo visivyo na unywele, vyenye mikwaruzo myekundu pembezoni, na ndipo mama mkwe alipoingia kutoka Muheza. Nilipomwamkia aliushika mkono, akautazama.

“Hiki choa, mwanangu. Tena kimeshaanza kutembea.”

Kumweleza mama mkwe kwamba mume wa binti yake hujinyoa mkono ili kupima chuma ni jambo ambalo adabu hairuhusu. Nikasema, “Ndiyo, mama.”

Akaagiza kitunguu saumu, akaomba na kisu. Nikampa kile kile cha mfukoni, naye akavuta kifungua kopo kwa sababu ndicho kilichong'aa zaidi. Kiliteleza juu ya ganda bila kuacha alama. Akakikunja pasipo neno, akafungua ubapa mkubwa, akamenya, akatwanga, akanipaka rojo lile bichi juu ya mikwaruzo yote, huku mke wangu ameuma upindo wa kanga asicheke.

“Kinawasha?”

“Hapana, mama.”

“Basi hakijaingia,” akasema, akaongeza rojo.