Toka Njia ya Tatu

Kila aliyekuja Uingereza kabla yangu aliniambia maneno yaleyale: wewe hutapata tabu ya kuendesha, kule nako ni kushoto kama ulivyozoea. Habari za vipilefti wakanificha.

Darasa nilipewa na shemeji yangu, mwenyeji wa huku. "Shemeji, sheria ni moja tu. Mpishe anayetoka kulia. Ukishaingia, wengine ndio wanakupisha wewe." Akaniambia sheria yenyewe waliiweka 1966, kabla ya hapo watu walikuwa wanajiingilia tu, magari yanakabana mle ndani, hakuna wa kutoka. Nikafarijika kidogo. Kumbe na wao walipitia hayo.

Sasa mimi kuingia naingia. Shida yangu ni kutoka.

Kipilefti kimejengwa kwa ajili ya mtu anayejua anakokwenda. Taa za barabarani zina utu: ikiwaka nyekundu unasimama, unasoma kibao, unaulizana na mwenzako, unakuna kichwa. Kipilefti kinataka uwe umeamua kila kitu kabla hujagusa mstari. Unatoka kushoto? Kaa kushoto, indiketa kushoto. Unanyoosha? Kaa kushoto lakini usiwashe kitu, hadi upite njia iliyo kabla ya yako, hapo ndipo uwashe. Unakwenda kulia? Kaa kulia, washa kulia, kisha humohumo ukizunguka ubadili mawazo uwashe kushoto. Na mikono ni miwili, mmoja una gia.

Halafu yupo yule mama wa kwenye ramani ya simu. "Kwenye mzunguko, toka njia ya tatu." Ya tatu kwa hesabu ya nani? Hiki kijia cha kuingilia kituo cha mafuta nacho kinahesabiwa? Na ile barabara ya magari yanayoingia tu, haina kutokea, nayo imo? Ukimuuliza hajibu, amekwishamaliza kazi yake. Nahesabu moja, mbili, mara mke wangu naye: "Si hii hapa, Baba Asha?" Hesabu yote chini. Nikirudi kuhesabu, ya tatu iko nyuma yangu.

Basi nazunguka tena. Na nimeuliza, hakuna sheria inayomkataza mtu kuzunguka tena. Bibi mmoja kituo cha basi aliniona nikipita, akaniona nikirudi, niliporudi tena akanipungia mkono. Nami nikampungia. Tumeshajuana.

Kitu kingine ni hizi indiketa za wenzangu. Huyu wa kulia kawasha kushoto, maana yake anatoka, kwa hiyo niingie. Au aliiwasha tangu huko atokako akaisahau? Mimi simjui, hanijui, halafu niyaweke maisha ya familia yangu kwenye kitaa chake! Nasubiri nimwone akikata kona kwa macho yangu. Wa nyuma yangu hapigi honi. Waingereza honi hawaipigi ovyo. Anashusha pumzi tu, na kwenye kioo unamwona anavyoishusha. Heri angepiga honi.

Vile vidogo ndivyo vinavyonimaliza kabisa. Wamepaka duara jeupe la rangi katikati ya njia panda, basi, hicho nacho ni kipilefti. Unatakiwa ukizunguke, usikikanyage. Lori likikikanyaga hewala, eti kwa sababu ni kubwa, haliwezi kupinda. Sasa mfike magari manne kwa pamoja, kila mmoja ana mwenzake wa kulia, kila mmoja anapisha. Wote mmesimama. Huyu anatoa mkono, pita wewe. Yule naye, hapana, pita wewe. Adabu tupu, na hakuna anayekwenda popote. Nikaona isiwe tabu, nikapita. Wote watatu wakanishukuru.

Shemeji akaona bado sijapikika, akanipeleka Swindon. Huko kuna kipilefti kimoja kilichofunguliwa 1972, nao wanakiita cha kimazingaombwe bila hata kuona haya. Ni vipilefti vidogo vitano vimepangwa kuzunguka kikubwa. Kwenye vile vidogo unazungukia upande wa kawaida. Mle ndani, magari yanakwenda kinyume. Nilikitazama kile kibao kule mwanzoni, matawi yamejaa kila upande, nikamwambia shemeji aendeshe yeye. Akapita huku anasimulia mambo ya mpira. Mke wangu alifumba macho. Mimi nilikuwa nahesabu njia, kwa mazoea.

Turudi nyumbani tupumzike? Wapi! Njia yake inapitia Milton Keynes, mji uliochorwa kwa rula: barabara za kulala zina herufi H na namba, za kusimama V na namba. Ukiona mpango mzuri hivyo unasema hapa sasa patanyooka. Karibu kila H inapokutana na V, kipilefti.

Na sasa shemeji ana wazo. Likizo tuvuke bahari twende Paris, na gari. Kule ni kulia, mzunguko unageuka upande wa pili, na pale kwenye lile tao kubwa, Arc de Triomphe, zinakutana barabara 12. Tena pale sheria imepinduliwa: aliye ndani ndiye anayempisha anayeingia! Miezi yote hii nafundishwa kupisha ili niingie, leo niingie bure halafu nisimamishwe katikati?

Nimemwambia wao watangulie na gari, mimi nitapanda treni, na hilo tao nitalifuata kwa miguu. Anayetembea wamemchimbia njia ya chini ya ardhi hadi pale katikati. Inaingilia upande mmoja, inatokea upande wa pili, wala huhesabu kitu.