Tume ya jinsia Kenya: kibogoyo ama tunaidai isichopewa?

Kila siasa za viti na wanawake zikipamba moto lazima uskie mtu akisema hii Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa ni kibogoyo, ifungwe tu hela za mlipa ushuru ziende kwingine. Na wanaosema hivyo wana hoja, tusiwadanganye. Tume iko tangu 2011, ina nguvu ya kuchunguza malalamishi au kuanzisha uchunguzi yenyewe, inaweza kuita mashahidi, kupatanisha watu, hata kwenda kortini. Sasa mbona ile kesi iliyomfanya Jaji Mativo 2017 alipatie Bunge siku 60 litunge sheria ya thuluthi mbili, yaani jinsia moja isizidi thuluthi mbili ya viti, iliongozwa na CREAW, shirika la kiraia? Hapo hata mimi sina la kuitetea, mbele ya foleni ilifaa iwe tume.

Lakini sasa tuangalie hesabu maana hapa ndo watu hupotea. Bunge la Kitaifa lina viti 349, kwa hiyo ili jinsia moja isipite thuluthi mbili kama katiba inavyotaka unahitaji wanawake angalau 117. Uchaguzi wa 2022 wanawake walishinda maeneo bunge 29 kati ya 290. Ongeza wawakilishi wa kike 47 wa kaunti unapata 76. Hata zile nafasi zote 12 za kuteuliwa zingepewa wanawake watupu, ungefika 88, bado 29 hawapo, na hao 29 tume ingewatoa wapi? Haipigi kura, haiendeshi mchujo wa chama, haitungi sheria.

Halafu linganisha na mabunge ya kaunti. Huko katiba, kifungu cha 177, iliweka njia yenyewe, kura zikishahesabiwa jinsia iliyopungua inaongezewa viti maalum mpaka hesabu itimie. Tume ni ile ile, nchi ni ile ile, wapiga kura ni wale wale, ila kwa kaunti inawezekana na kwa Bunge haiwezekani, kwa sababu kule kuna utaratibu na huku kuna ahadi. Mahakama ya Juu ilisema Desemba 2012 kwamba jambo hili litimizwe kufikia Agosti 2015, wabunge wakajiongezea mwaka, ukapita. Februari 2019 mswada wa thuluthi mbili ulihitaji kura 233, waliokuwa ndani walikuwa 174 tu, ukafa hata kabla ya kupigiwa kura. Septemba 2020 Jaji Mkuu Maraga akamshauri rais alivunje Bunge kwa kukosa kutunga sheria hiyo, na Bunge likamaliza muhula wake likiwa zima. Kama Jaji Mkuu mwenyewe hakusikizwa, kweli tunategemea barua ya tume ndo iwatishe?

Na kuna kazi zingine hazina kelele. Hii si tume ya wanawake peke yake, ni ya watu wenye ulemavu, vijana, watoto, wazee, jamii ndogo na zilizotengwa. Mzee aliyeachwa nje ya mpango wa serikali ana pa kupeleka lalamiko, mwanaume aliyenyimwa kazi kwa sababu ya jinsia pia anaweza. Ukiifunga, hao wote unawaambia watafute wakili, na wakili ni pesa.

Kuna wanaotaka irudishwe pamoja na tume ya haki za binadamu vile katiba ilianza nayo, kabla haijagawanywa kuwa tume tatu. Gharama ingeshuka, sawa, ila naogopa usawa ungekuwa faili moja kati ya faili za polisi na mahabusu, na tunajua ni gani ingefunguliwa kwanza.

Mimi ningetaka mapendekezo yake yawe na tarehe ya kujibiwa, na wizara isiyojibu ipelekwe kortini na tume yenyewe bila kungoja mashirika. Na vyama viwajibike kwenye mchujo. Sai ripoti yake ya kila mwaka inapelekwa Bungeni, kwa watu wale wale wanaodaiwa sheria tangu 2012.