Pau zinapolisemea jedwali
Mwaka 1786 William Playfair, mwandishi Mskoti wa masuala ya uchumi, alichapisha chati ya pau, yaani mistatili ambayo urefu wake huonyesha kiasi, ya biashara ya Uskoti na maeneo 17. Takwimu zake zilikuwa za mwaka mmoja tu, hazikutosha kuchora mstari wa miaka mingi, ndipo akatumia pau. Leo amri moja ya programu ya kompyuta hugeuza jedwali lolote kuwa pau.

Wanaotetea pau wana hoja nzito. Utafiti wa wanatakwimu Cleveland na McGill wa 1984 ulionyesha kwamba jicho hulinganisha vizuri zaidi vipimo vilivyo kwenye mhimili mmoja kuliko pembe au ukubwa wa eneo. Ndiyo maana pau huishinda chati duara. Anayetaka namba kamili, hata hivyo, atarudi kwenye jedwali, na jedwali la namba nne halihitaji mchoro wowote.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kwamba programu huamua mambo ambayo jedwali halikuyasema. Katika ggplot2, kifurushi cha kuchora chati cha programu ya takwimu ya R, amri ya geom_bar huhesabu safu mlalo za jedwali. Ukiipa jedwali lenye jumla tayari, kila kundi likiwa na safu mlalo moja, utapata pau zote za urefu wa 1. Uliyoihitaji ni geom_col, inayochora namba zilizomo kwenye jedwali. Stata, programu nyingine ya takwimu, usipoiagiza vingine, huchora wastani kwa amri ya graph bar. Makundi ya maandishi nayo, katika R, hupangwa kialfabeti: viwango vya Chini, Kati na Juu hutoka Chini, Juu, Kati, na mwelekeo wa data unapotea machoni.

La wastani ndilo zito kuliko yote. Kundi moja lina 48, 50 na 52; jingine lina 10, 50 na 90. Wastani wa yote mawili ni 50, kwa hiyo pau zinalingana kabisa, ilhali data hazifanani hata kidogo. Mwaka 2015 Weissgerber na wenzake waliwahimiza wanasayansi wenye sampuli ndogo waonyeshe nukta za data zenyewe, na naona walisema kweli.

Kwa hesabu na jumla, basi, natetea pau bila kusita, mradi mhimili uanze sifuri: ukianzia 95, pau ya 98 itakuwa ndefu mara tatu kuliko ya 96. Kwa wastani wa sampuli ndogo nachagua nukta, na jedwali liwekwe chini ya mchoro kwa anayetaka kukagua.