Ibrahim Pasha kafufuka Ngamiani, Tanga

Kosa lilikuwa la sifuri, lakini bibi yangu mpaka leo anashikilia kwamba lilikuwa la jini.

Alitaka ile tamthilia ya Kituruki ya Sultan Süleyman, iliyorushwa kwao kuanzia 2011 mpaka 2014. Ina vipande 139. Nikaenda na flashi ya GB 64 kwa kijana anayerusha muvi. Kila kipande kilikuwa kama MB 400, jumla GB 55 na ushee, na zikaenea kwa mbinde, maana flashi ya 64 ukiichomeka kwenye kompyuta inakuonyesha 59 tu. Akanigeuzia skrini nihakiki: 1, 2, 3, 4 hadi 139, zimejipanga kama watoto wa madrasa. Nikalipa.

Tukapanga vipande viwili kila usiku baada ya Isha. Usiku wa kwanza binti mtumwa akaingizwa kasri la Istanbul, na kipande kilichofuata keshagombana na nusu ya kasri. Usiku wa pili Süleyman ana mvi na wanawe wana ndevu.

"Mbona haraka hivi?" Shangazi akauliza.

"Waturuki wanaruka miaka," nikamjibu kwa sauti ya mtaalamu. "Ndiyo ufundi wao."

Siku mbili mbele Hürrem, yule binti mtumwa, akabadilika sura. Hapa nilijitapa kweli, kwa sababu hilo nalijua: Meryem Uzerli aliyemwigiza aliacha, na msimu wa nne nafasi yake ikachukuliwa na Vahide Perçin. Nikawapa darasa zima, wakanyamaza. Usiku wa saba Hürrem wa zamani karudi, kijana, ngozi inang'aa.

"Huyu kaenda kwa mganga gani?" Shangazi akasogelea runinga. "Nielekezwe na mimi."

Bibi hakucheka, maana yeye alikuwa anamfuatilia Ibrahim Pasha, waziri mkuu. Anaonekana usiku mmoja, anapotea siku tano, anaibuka kipande kimoja, anapotea tena, na pale kasri hakuna hata anayeuliza yuko wapi. "Binadamu haji hivyo," akasema. "Binadamu anaaga." Nikamwambia amesafiri vitani. Ujuzi wangu wote wa Kituruki ulitumika kuutetea upuuzi.

Wiki ya pili inaisha, Mustafa, mwana wa Süleyman, akanyongwa kwa kamba ndani ya hema la baba yake. Kwenye historia ni mwaka 1553, na kwenye skrini wamekipika kipande kile mpaka mtu unashindwa kumeza mate. Bibi akajitanda kanga, kahawa ikapoa, jirani akaja kumpa pole akidhani tumefiwa.

Siku nne baadaye Mustafa yuyo huyo anakimbia uani, mtoto mdogo.

Sebule kimya. Bibi akanigeukia polepole. "Mume wangu, huyu si tulimlilia juzi?"

Nikachukua rimoti, nikafungua orodha yenyewe kwa mara ya kwanza. 1, 10, 100, 101, 102 mpaka 109, halafu 11, 110, 111... Kipande cha 2 kilikuwa cha 52 kwenye foleni!

Runinga yetu haisomi namba, inasoma herufi. Inatazama ya kwanza, ikifanana inatazama ya pili, kwa hiyo kila kinachoanza na 1 kinatangulia mbele ya 2, hata kama ni 139. Kompyuta ya yule kijana ina Windows, nayo inatambua namba, ndiyo maana kwake zilinyooka. Hakunidanganya mtu.

Dawa ni majina yote yawe na tarakimu sawa. Kwa vipande 139 unahitaji tatu: 1 mpaka 9 unaongeza sifuri mbili mbele, 10 mpaka 99 sifuri moja, kuanzia 100 huvigusi. Hayo ni mafaili 99, na niliyabadilisha moja moja. Nilijaribu njia ya mkato ya kuyachagua yote na kubonyeza F2. Windows ikaandika (1), (2), (3) bila sifuri, yaani ugonjwa uleule ndani ya mabano. Nikabatilisha kwa Ctrl na Z nikarudi kwenye jasho.

Tukaanza upya na 002. Ibrahim safari hii yupo kila usiku, anakula, anapanga njama, anapiga fidla. Ulipofika usiku wa kunyongwa kwake, Shangazi akalia mpaka kikohozi. Mimi mwenyewe koo lilinikaba. Bibi alikuwa anamenya chungwa la Muheza, hata kisu hakikusimama.

"Bibi, huna huruma?"

"Huyu namjua," akasema. "Kesho kutwa atarudi."