Chemirocha: tumemfufua nani hasa?

Ukiisikiliza rekodi ile ya Wakipsigis wa Kenya, ya mwaka 1950, bila kuambiwa chochote, utawasikia wasichana wakiimba pamoja kwa sauti nyembamba, na chini yao nyuzi za chepkong', ala ya jadi ya Wakipsigis, zikizunguka palepale bila haraka. Halafu linaingia jina: Chemirocha. Linavutwa, linaachwa, linarudiwa tena. Mara ya kwanza nilidhani ni mtu wa hapohapo kijijini, maana Ukipsigis umejaa akina Chebet na Chemutoi. Kumbe ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri kutoka Mississippi, Marekani, ambaye jina lake lilipita katika masikio ya Kericho likatoka na mavazi ya kienyeji.

Rodgers alikuwa mfanyakazi wa reli aliyeugua kifua kikuu. Alirekodiwa mara ya kwanza Agosti 1927 mjini Bristol, mpakani mwa Tennessee na Virginia, na katika muda usiofika miaka sita akaacha nyimbo zaidi ya 100. Alama yake ilikuwa yodeli, ile namna ya kuirusha sauti kutoka kifuani hadi juu kabisa na kuirudisha. Mei 1933, New York, alirekodi nyimbo zake za mwisho huku akijilaza kitandani kati ya wimbo na wimbo. Siku chache baadaye akafa, umri miaka 35. Santuri zake hazikufa naye. Zilifuatana na gramafoni za kuzungusha kwa mkono hadi nyanda za juu za Kenya. Hugh Tracey alipofika Kapkatet, huko Kericho, mwaka 1950 na mashine yake ya kurekodi, Rodgers alikuwa marehemu wa miaka 17, na wasichana walikuwa bado wanamsihi acheze.

Tracey, Mwingereza aliyehamia kusini mwa Afrika akiwa kijana, ndiye aliyeandika maelezo ya wimbo huo: kwamba Chemirocha amegeuka kuwa mungu wa kienyeji, kiumbe nusu mtu nusu mnyama, mwenye miguu ya paa, na wasichana wanamhimiza aruke kwa nguvu hadi nguo zimvuke. Aliuhifadhi pamoja na maelfu ya rekodi nyingine katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Katika miaka ya 2010 maktaba hiyo ilishirikiana na shirika la muziki la Ketebul Music la Nairobi kuzirudisha nakala kwa Wakipsigis wenyewe. Habari ilisambaa dunia nzima, na wengi tulioipata tuliipokea kwa vigelegele.

Na vigelegele vina haki yake. Chepkong', ndugu wa nyatiti ya Wajaluo, haisikiki tena kama zamani. Muziki wa Kikalenjin unaopigwa kwenye matatu leo ni wa gitaa na kinanda. Kijana anayetaka kujua babu zake walipanga vipi sauti hana mahali pa kwenda ila kwenye sahani za Tracey. Rekodi inashika kile ambacho simulizi haiwezi kukibeba: kasi ya wimbo, pumzi, namna wasichana wanavyopokezana neno la mwisho. Hilo hakuna mzee anayeweza kukuhadithia likatosha. Wanaomlaumu Tracey kwa kila jambo husahau kwamba wakati ule kampuni za santuri zilitafuta cha kuuza, na wimbo wa wasichana wa kijijini haukuwa bidhaa.

Hata hivyo, kuna jambo linalonikera. Wimbo huu haukupata umaarufu kwa sababu ya uimbaji wake. Ulipata umaarufu kwa sababu ya hadithi ya mungu mwenye miguu ya paa, na hadithi hiyo ni ya Tracey. Alikuwa na sikio zuri mno, lakini Kikipsigis hakikuwa lugha yake. Wasichana wakifanya utani, utani unaweza kugeuka itikadi ukifika kwenye karatasi ya mgeni. Kizazi baada ya kizazi msomaji wa Ulaya ameletewa picha ya Waafrika waliosikia gramafoni wakaanza kuabudu. Mimi nikisikiliza nasikia kitu cha kawaida zaidi, na kizuri zaidi: wasichana wanaomtania nyota wa muziki, kama wanavyotaniwa nyota wote. Nani aliyewahi kusema kwamba anayemwita mwanamuziki aruke hadi nguo zimdondoke anafanya ibada?

Tazama pia nani amefufuka. Jimmie Rodgers hakuhitaji kufufuliwa. Mwaka 1961 alikuwa miongoni mwa watu watatu wa kwanza kuingizwa katika jumba la heshima la muziki wa kantri. Anayehitaji kukumbukwa ni Chemutoi Ketienya, anayetajwa kwenye rekodi kama kiongozi wa wasichana wale. Watu wanaoujua wimbo ni wengi. Wanaolijua jina lake ni wachache. Wenzake wameandikwa kwa neno moja tu: wasichana.

Linganisha na Dock Boggs, mchimba makaa wa Virginia aliyepiga banjo na kuimba nyimbo za milimani. Alirekodi nyimbo chache mwaka 1927 na nyingine 1929, kisha uchumi ukaanguka, akarudi mgodini na muziki akauacha kwa miaka mingi. Mwaka 1952 nyimbo zake mbili ziliingizwa katika mkusanyo wa santuri za zamani uliopendwa na vijana wa mjini, na mwaka 1963 mwanamuziki na mkusanyaji Mike Seeger alimtafuta hadi akampata mjini Norton, Virginia, yu hai. Boggs akapanda tena jukwaani, akarekodi upya, akasimulia maisha yake kwa mdomo wake mwenyewe hadi alipofariki 1971. Naye alizungushiwa hadithi na wakusanyaji, ya mtu wa milimani mwenye sauti ya mauti, lakini alikuwepo kuijibu. Hiyo ndiyo tofauti kubwa. Kwa Boggs walifuata mtu. Kwa Kapkatet, kwa zaidi ya miaka 60, walibaki na sauti.

Kisheria, mambo hayajanyooka. Haki miliki ya rekodi nchini Kenya hudumu miaka 50, kwa hiyo ukihesabu kuanzia 1950 muda umekwisha. Upande wa pili, sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa na sanaa za jadi inaipa jamii sauti juu ya matumizi ya kibiashara ya urithi wake. Kuna wanaoona sheria hiyo itafunga mlango, kwamba msanii kijana akitaka kuchukua mdundo wa Chemirocha atakwama kwenye ofisi ya kaunti. Hofu yao naielewa. Lakini bila sheria kama hiyo, mwenye kompyuta London anaweza kuukata wimbo vipande na kuuza, na Kapkatet wasijue hata kama umeuzwa.

Nikilazimishwa kuchagua, nitasimama na waliozirudisha. Ila kurudisha CD si kazi iliyokwisha. Kazi iliyobaki ni ya wanaoongea Kikipsigis: kukaa na rekodi, neno kwa neno, na kuandika maelezo mapya yanayosema wasichana walisema nini, kwa nani, na walikuwa wanacheka au la. Maelezo ya Tracey yabaki, yawekwe pembeni, na tarehe yake, 1950. Na pale mbele, kabla ya jina la Mmarekani yeyote, liandikwe la Chemutoi Ketienya.